Wakili wa Lodi Asiyesema

Siku niliyovaa gauni la kijani kwenda kwao Fundi, nilikuwa nimegombana na Kiberiti tangu asubuhi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa katuni. Mtu mzima na akili zangu, pasi ya moto mkononi, namfokea mwenzangu kwa ajili ya mwanamume wa kuchorwa! Cheka tu. Hata mimi ningecheka, kama siku ile ingeishia pale pale.

Tunafanya kazi duka la dobi. Kiberiti anakaa kaunta, anapokea nguo na kuzibandika namba. Jina hilo alipewa kwa umbo na kwa tabia: mdogo, mwembamba, ukimgusa tu anawaka. Mimi nakaa nyuma ya pazia la plastiki na pasi ya mvuke, mashati na suti mpaka jioni. Tulijuana kwa kazi, tukashibana kwa katuni, zile hadithi za picha za kusoma kwenye simu: mabinti wa malodi, yaani wale mabwana wakubwa wa kizungu, ngome za mawe, magauni ya kuburuza, na mapenzi ya kukukosesha hamu ya kula. Tuna kundi letu la wasomaji. Sura mpya ikitoka, kila mtu anamwaga maoni yake, na mimi sijawahi kuwa mchoyo wa maoni.

Kwa mfano, hawa mabinti wanaouawa halafu wanaamka wamerudi utotoni, wanajua yote yatakayotokea. Wenzangu wanawaita mashujaa. Mimi nasema huo ni wizi wa mtihani. Na yale magauni! Binti anakimbia msituni usiku, mvua, matope, damu ya mbwamwitu, sura inayofuata gauni jeupe pee. Nani kalifua? Lesi ile ukiitia kwenye mashine inatoka uzi mtupu. Hakuna mchoraji hata mmoja aliyewahi kumchora dobi, na hilo silisamehe.

Lakini niliyempenda nilimpenda kwa moyo wote. Hadithi yenyewe inaitwa Taji la Aliyeachwa. Binti wa kilodi kaachwa na mwana wa mfalme, kasingiziwa mambo ya aibu, kaolewa na Lodi wa Kaskazini, mwanamume mrefu asiyecheka wala kuongea. Kundi zima walikuwa wanamponda. Mimi nilimtetea mpaka nikapewa jina: Wakili wa Lodi.

"Mwanamume bubu ni mzigo," Kiberiti alisema asubuhi ile, sauti inapita juu ya pazia. "Sura nzima binti wa watu anatukanwa karamuni, yeye kakodoa macho tu!"

"Anaumia ndani kwa ndani. Hukusoma? 'Wakimgusa hata unywele, nitaichoma karamu hii.'"

"Hilo kalisema?"

"Kaliwaza. Limeandikwa kwenye kiwingu."

"Ahaa! Kiwingu!" Alifungua pazia akachungulia, macho yanamwaka. "Maneno yanaandikwa kwenye kiputo, mawazo kwenye kiwingu. Sasa wewe mfutie lodi wako vile viwingu vyote, halafu niambie anabaki nini. Anabaki mtu kasimama!"

"Wewe hujui mapenzi."

"Na wewe usije ukaunguza kola ya watu."

Nikainua pasi haraka, kwa sababu kola ilikuwa inaungua kweli.

Alijua anamsema nani, na mimi nilijua anajua. Mchana ule Fundi alikuwa ananipeleka kwa mama yake.

Fundi ni fundi wa lifti. Mara ya kwanza alileta ovaroli lenye grisi mpaka kwenye kwapa, akaliweka kaunta, akasimama. Kiberiti akamuuliza jina, namba ya simu, analitaka lini. Akajibu kwa neno moja moja, kama mtu anayelipia kila neno. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mrefu, mabega mapana, uso hauna habari. Moyo ukaniambia, huyo hapo.

Msinilaumu haraka. Mume wangu wa kwanza alikuwa na maneno matamu, na mkono mwepesi. Alinipiga Ijumaa, akaniimbia Jumamosi. Siku niliyotoka kwake nilitoka na mkoba na jino limelegea, na nilijiapia kwamba mwanamume mwenye ulimi wa asali hatanisogelea tena. Kwa hiyo Fundi alipokuja na kimya chake, nilikinywa kama maji ya baridi. Kitasa changu kiliharibika, akakitengeneza bila kuombwa, akaondoka. Mvua ikinyesha, namkuta kasimama nje ya duka ananisubiri na mwavuli, hasemi. Na mimi kila mara namwandikia kiwingu chake: Nisingekuacha ulowe. Wewe ndiye nyumbani kwangu. Nikawa na mwanamume aliyesema machache na kuwaza mengi, na yale mengi yote nilikuwa nayasoma mimi.

Jambo moja nilimwambia waziwazi, la yule mume na lile jino. Nilimwambia nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. Basi alikuwa anajua. Katika dunia hii ya watu wazushi, yeye alikuwa anajua.

Mama yake anakaa ghorofani. Tulipanda na lifti, mimi naweka sawa kola ya gauni kwenye kioo, yeye kainua uso anaangalia dari.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Hapana."

Nikamwandikia kiwingu: Naogopa kwa ajili yako.

Sebule ilikuwa safi ya kupitiliza, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, picha ya marehemu baba ukutani. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na magoti mabovu. Pembeni yake alikaa shangazi yake Fundi, dada wa marehemu, na huyo hakuwa na ubovu popote.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kaa, kaa," alisema mama.

"Marahaba," alisema shangazi, akaniangalia kuanzia viatu.

Chai ikaletwa, na biskuti kwenye sahani ya maua. Tukaulizana hali, tukaulizana kazi, tukaulizana joto la siku zile. Fundi alikaa mkabala na mimi, kikombe mkononi. Alivaa lile shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, mikunjo ya mikono imenyooka kama wembe, na roho yangu ilifurahi kumwona amependeza. Halafu shangazi akaweka kikombe chake chini.

"Binti, sisi si watu wa kuzunguka mbuyu. Uliwahi kuolewa."

"Ndiyo, shangazi."

"Kule ulitoka, au ulitolewa?"

"Nilitoka."

"Sisi tumesikia ulitolewa." Akakung'uta chembe ya biskuti mapajani. "Na tumesikia kulikuwa na mwanamume wa pembeni. Watu hawasemi bure. Lisemwalo lipo."

Masikio yaliniwaka. Nilijua maneno yale yametoka wapi, maana yule mume wangu wa zamani aliyapeleka kila nyumba kama mtu anayeuza mkaa. Lakini sikutetemeka. Naapa sikutetemeka, kwa sababu nilikuwa nimeshaisoma sura hii. Binti anasingiziwa mbele ya watu. Ukumbi unanyamaza. Kisha kikombe kinawekwa mezani, ta! na ukurasa mzima unakuwa uso wa Lodi.

Nikamtazama Fundi.

Akakiweka kikombe mezani.

Mungu wangu! Nilimwona anainama mbele. Nilimwona anaufungua mkono wake, ule mkono ulionishika siku ninalia.

Akachukua biskuti.

"Mwanangu," mama yake alisema, na hakuwa anasema na mimi, alikuwa anasema na Fundi. Sauti yake ilikuwa ya upole hasa, na huo upole ndio unaoniuma mpaka leo. "Mimi maneno ya mitaani sina kazi nayo. Wewe ndiye unayemjua. Kama si kweli niambie si kweli, mimi nitakuamini, na shangazi yako atanyamaza. Unasemaje?"

Wenzangu, mlango ulikuwa wazi. Haukuhitaji upanga wala jeshi la kaskazini. Maneno mawili tu, si kweli, na ningekuwa mke wa mtu katika nyumba ile ya vitambaa vya kufuma.

Fundi alitafuna, akameza. Akamwangalia mama yake, akamwangalia shangazi yake, akayaangalia magoti yake mwenyewe.

"Nyinyi ndio wakubwa," alisema. "Mtakavyoona."

Mama yake alifumba macho kidogo. Shangazi alipumua kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Si kweli," nikasema mimi. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. "Alikuwa ananipiga, nikatoka. Hakukuwa na mtu. Na Fundi anajua."

"Kila aliyeachika husema hivyo, binti."

"Ndiyo, shangazi. Na wengine huwa wanasema kweli." Nikasimama. "Asanteni kwa chai. Mama, magoti uyafunge na kitambaa cha moto, yatatulia."

"Mwanangu, subiri..." mama yake alisema, anajaribu kuinuka. Fundi ndiye aliyenifuata, maana ilibidi mtu anisindikize.

Tuliingia kwenye lifti. Kioo kilituonyesha wote wawili, gauni la kijani na shati jeupe, watu wanaoweza kupigwa picha. Nikangoja. Moyoni bado nilikuwa nampa nafasi, mjinga mimi. Nilisema, hawezi kusema mbele ya wakubwa, kalelewa hivyo. Hapa tuko wawili. Hapa atasema.

Akainua uso akaangalia dari.

"Hii lifti inahitaji kufunguliwa," alisema. "Kuna kitu kinagonga."

Mlango ukafunguka chini. Nilitoka, nikageuka.

"Fundi, nikuulize kitu. Ukinidanganya nitajua. Mle ndani, shangazi yako alipokuwa ananiita malaya kwa adabu, wewe ulikuwa unawaza nini?"

Alikunja uso. Si kwa hasira, alikuwa anakumbuka kwa dhati, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Uongo hajui, hilo namhesabia mpaka leo.

"Nilikuwa nawaza ule mlio wa lifti," alisema. "Niliusikia tangu tunapanda. Nadhani ni roda ya juu, ile inayopitisha kamba."

"Basi?"

"Na nilitamani waishe, tuondoke."

"Basi, Fundi?"

"Basi."

Unajua kuna maumivu yanayokuja na kelele, na kuna yanayokuja kimya kimya? Miaka yote ile nilikuwa nikisoma vitabu vizima kwenye kipaji cha uso wake. Kumbe mwandishi nilikuwa mimi.

"Alikwambia useme si kweli," nikamwambia. Sasa machozi yalikuwa yanashuka, na sikuyafuta. "Mama yako alikusihi. Maneno mawili!"

"Si ulishasema mwenyewe?"

"Nilisema baada yako!"

"Lakini ulisema. Wamesikia." Alinyoosha mikono, kweli haelewi. "Ulitaka niseme nini tena?"

"Unanipenda?"

"Si unajua."

"Sijui, Fundi. Nilikuwa nadhani najua."

Akasimama. Watu walipita katikati yetu kuingia lifti, mama mmoja na mifuko ya sokoni akaniangalia machozi akaangalia pembeni. Nilimsubiri. Zamani kimya kile kingejaa mpaka kifurike: Usiende. Sijui kusema ila usiende. Niliyasikia yale maneno yanakuja, tena kwa sauti yake kabisa, na nikayazuia mlangoni. Nikakiacha kiwingu kitupu nione nani atakijaza.

"Nikuitie gari?" alisema.

"Nitatembea," nikamwambia, nikaenda.

Kesho yake Kiberiti hakuniuliza kitu. Alinitazama mara moja tu nilipoingia, akaenda kuniletea chai, akaiweka kwenye meza ya pasi na sukari ya kuzidi. Angeweza kunicheka, haki hiyo alikuwa nayo. Badala yake alishinda ananipokonya mashati mazito bila kusema, na kimya chake nilikielewa, kwa sababu baadaye alikuja akakivunja mwenyewe.

"Shoga," alisema, "ukitaka kulia, lia kwenye taulo. Hariri zinaacha alama."

Nikacheka na kulia kwa pamoja.

Fundi alikuja siku ya mashati yake, saa zile zile anazokuja siku zote. Kiberiti alitaka kumhudumia, nikamwambia aniachie. Nikatoka nyuma ya pazia na mashati kwenye henga, yamefunikwa plastiki. Tukatazamana. Alikuwa amekonda kidogo chini ya macho, au labda ni taa za kaunta.

"Mama anakusalimu," alisema.

"Nimepokea. Magoti?"

"Afadhali. Alifunga kile kitambaa."

"Umemwambia kitu?"

"Kuhusu nini?"

Nilimpa mashati yake. Akayapokea, akayahesabu kwa macho, akabaki amesimama. Kaunta ilikuwa kati yetu, na nilimpenda, tena nampenda sasa hivi ninavyosimulia, mkinichoma sindano itatoka damu yenye jina lake. Midomo yake ilifunguka.

"Lile la bluu halimo," alisema.

Lile la bluu lilikuwa kwangu, chini ya mto. Alilivua siku ya mvua, nikamwazima fulana. Sikulifua. Dobi mzima, nguo chafu inalala kitandani kwangu, kwa sababu ilikuwa na harufu yake, ya grisi na sabuni ya mche.

Na hapo, jamani, mkono wa kuandika ukaniwasha. Anauliza shati kwa sababu anataka sababu ya kurudi. Shati ndiyo namna yake ya kusema. Labda ni kweli. Labda moyoni mwake mlikuwa mmejaa mpaka pomoni, na mlango ndio uliokwama. Sitajua kamwe. Lakini hakusema, na mimi mkono ulikuwa umechoka.

"Liko," nikamwambia. "Utalikuta kesho kwa Kiberiti."

"Wewe hutakuwepo?"

"Nitakuwepo nyuma."

Akaitikia kwa kichwa. Akatoka na mashati yake yamenyooka begani, na kengele ya mlango ikalia kama inavyolia kwa kila mteja.

Nikarudi kwenye pasi. Simu ilikuwa inatetemeka kwenye meza: sura mpya ya Taji la Aliyeachwa imetoka. Safari hii binti kapelekwa mbele ya mfalme, na Lodi kasimama pembeni ya nguzo, hasemi. Kundi lilikuwa linawaka moto. Wakili yuko wapi? Wakili, mteja wako huyo, mtetee!

Niliisoma sura nzima. Kwa mara ya kwanza niliufunika ule upande wa viwingu kwa kidole gumba, picha baada ya picha. Kisha nikaandika: Ni mtu mzima. Ajisemee.

Jioni nilifika nyumbani, nikalitoa lile shati chini ya mto. Nikalishika usoni mpaka nikakosa pumzi. Halafu nikajaza maji kwenye beseni, nikalitia sabuni, nikalifua kwa mikono: kola kwanza, kisha kwapa, kisha mikono. Nikalisuuza, nikalinusa, bado alikuwemo. Nikamwaga maji, nikaanza upya.